Kiingereza Hakina "Niandikie"

Chukua neno "niandikie". Silabi ya kwanza ni mimi, katikati kuna kuandika, na ile "i" ndogo iliyochomekwa kabla ya irabu ya mwisho ndiyo inayoonyesha kwamba maandishi yaje kwangu. Neno ni moja na kila kitu kimo ndani ya kitenzi. Mwingereza akitaka kusema hivyo anahitaji maneno matatu: "Write to me." Kitenzi kimekaa peke yake, kihusishi "to" peke yake, na kiwakilishi "me" peke yake. Wamarekani husema pia "Write me", lakini hata wao wana vitenzi vingi visivyoruhusu ufupisho huo.

Tofauti hiyo ndiyo inayozaa makosa mengi ya msemaji wa Kiswahili ambaye Kiingereza anakijua vizuri tu. Sizungumzii mwanafunzi anayeanza. Nazungumzia mtu aliyemaliza shule, anayeandika barua pepe kila siku, anayekwenda kwenye usaili akiwa na msamiati wa kutosha, lakini sentensi zake zina kitu kinachomfanya msomaji asite. Mara nyingi ni neno la herufi mbili au tatu lililokosekana kati ya kitenzi na mtu, au lililoongezwa pasipohitajika, au kiwakilishi kilichotumiwa katika umbo lisilo lake. Shuleni tulifundishwa vihusishi katika ukurasa mmoja na viwakilishi katika ukurasa mwingine. Ushauri wangu mkubwa ni kuviunganisha: jifunze kitenzi, kihusishi chake na kiwakilishi chake kama kipande kimoja kisichokatwa.

Tuanze na kosa ninalokutana nalo kuliko yote katika barua za maombi na ripoti za ofisini: "Explain me". Aliyeandika hivyo amefuata "nieleze", ambamo "ni" imekaa ndani ya kitenzi bila kuhitaji msaada. Kiingereza chenyewe nacho kinamshawishi, maana kinakubali "Tell me", "Show me", "Give me", "Send me" na "Teach me". Kwa nini kikatae "Explain me"?

Jibu ni kwamba vitenzi vya kupeana na kuambiana viko katika makundi mawili. Kundi la kwanza humruhusu mpokeaji kukaa mara tu baada ya kitenzi: "She gave me the keys", "He lent us his car". Kundi la pili humtaka mpokeaji atanguliwe na "to": "He explained the problem to me", "She suggested another date to us", "They described the thief to her", "I mentioned it to him". Vingi katika kundi la kwanza ni maneno mafupi ya Kiingereza cha kale. Vingi katika kundi la pili ni maneno yenye asili ya Kilatini, yaliyoingia moja kwa moja au kupitia Kifaransa katika karne zilizofuata uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, na hayakuzoea muundo wa wenyeji. Kanuni hii inasaidia kukisia, ingawa haikosi vighairi: "offer" na "promise" zina asili ya Kilatini na bado zimo katika kundi la kwanza, ilhali "say" ni neno la kale na limo katika la pili. Kuhusu "say", Kiswahili kinakusaidia. "Ambia" daima hubeba mtu, na "tell" vilevile: aliniambia, "He told me". "Sema" haihitaji mtu, na "say" vilevile: alisema, "He said". Ukimtaja mtu baada ya "say", weka "to".

Kitu kinachotolewa kinapokuwa kirefu, mpokeaji husogea mbele pamoja na "to" yake. Ndiyo maana utasikia "Explain to me how this machine works" na si "Explain how this machine works to me", ambayo inamchosha msikilizaji kabla hajafika mwisho. Kitu kinapokuwa "it" au "them", mambo hugeuka: hicho ndicho kinachotangulia, na mtu anafuata na kihusishi chake. "Give it to me." "Show them to her." Uingereza utasikia pia "give me it", na baadhi ya maeneo "give it me", lakini ukishika muundo wa kwanza utaeleweka na kukubalika popote.

Bado kuna swali la "to" au "for", kwa sababu kauli yetu ya kutendea haitofautishi. "Ameniandikia barua" inaweza kuwa barua iliyokuja kwangu, au barua niliyoandikiwa na karani kwa sababu mkono wangu umevunjika. Kwa Kiingereza lazima uchague: "He wrote a letter to me" ni ile ya kwanza, "He wrote the letter for me" ni ile ya pili. Jiulize kama tendo lenyewe ndilo linalofikisha kitu mkononi mwa mtu. Kutuma, kutoa na kuonyesha hufikisha, kwa hiyo "to". Kupika, kununua na kutafuta ni kazi inayofanywa kwanza kwa faida ya mtu, kwa hiyo "for": "I'll cook it for you", "She found it for us".

Na kuna matumizi ya tatu ya kauli hiyo, ambayo vitabu vingi vya shule havigusi kabisa: tunapoeleza jambo lililompata mtu vibaya. Amenikatia simu. Simu ilinizimikia. Mvua ilitunyeshea. Msemaji wa Kiswahili akifika hapa kwa Kiingereza huanza kuzunguka, "He cut the phone when I was still talking", kwa kudhani kwamba lugha ile haina namna ya kubeba uchungu ule mdogo uliomo katika "amenikatia". Inayo. Namna yenyewe ni "on" pamoja na kiwakilishi: "He hung up on me." "My phone died on me." "It rained on us." "She walked out on him." Hiyo "on" hapa si hasa ya juu ya kitu. Kazi yake ni kuonyesha kwamba tendo lilimwangukia mtu asiyelitaka. Watu waliokulia katika Kiingereza huitumia kila siku bila kufikiri, na msemaji wa Kiswahili, kwa kuwa hisia hiyo tayari imo katika sarufi yake, anaweza kuishika haraka kuliko wanafunzi wa lugha nyingine nyingi. Jaribu leo.

Sasa umbo la kiwakilishi chenyewe. Zamani nomino za Kiingereza zilibadilika mwisho wake kufuatana na kazi yake katika sentensi. Mabadiliko hayo karibu yote yamekufa, isipokuwa katika viwakilishi: "I" na "me", "he" na "him", "she" na "her", "we" na "us", "they" na "them". Baada ya kihusishi, daima ni umbo la pili. Hakuna anayekosea kusema "for me" akiwa peke yake. Kosa huja watu wanapokuwa wawili: "This is between you and I", "He bought tickets for my wife and I". Dawa yake ni rahisi. Mwondoe yule mwingine usikie kilichobaki. "He bought tickets for I" itakukera sikio papo hapo, kama vile "kwa mimi" inavyokera mahali pa "kwangu". Maana sisi pia tunabadilisha: "na mimi" huweza kuwa "nami", wala husemi "kwa yeye" mahali pa "kwake". Sikio lako tayari linajua kwamba baada ya kihusishi mtu huwa na umbo jingine.

Kosa hili linasambaa hata miongoni mwa Waingereza na Wamarekani wenyewe, na wengi wao wamelipata shuleni. Mtoto hukaripiwa kwa kusema "Me and John went", akafundishwa aseme "John and I went", kisha akaanza kuikwepa "me" kila mahali, hata inapostahili. Lakini kosa si jipya. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuitoa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, barua ya Antonio kwa rafiki yake ina muundo uleule wa "between" ukifuatwa na "I". Wapo wanaotumia mfano huo kuhalalisha kosa. Mimi nashauri vinginevyo. Mwajiri wa leo hataikumbuka barua ya Antonio. Ataiona ya kwako.

Wengine, wakiogopa "I" na kuogopa "me", hukimbilia "myself". "Please contact myself." "The meeting was attended by the director and myself." Ofisini watu huiona ina heshima zaidi, na naelewa kwa nini, kwa kuwa tumelelewa kutafuta lugha ya adabu mbele ya wakubwa. Ila adabu ya Kiingereza haikai hapo. "Myself" ina kazi mbili tu za kuaminika. Moja ni ile ya kiambishi chetu "ji": nilijikata, "I cut myself". Ya pili ni mkazo, kama mwenyewe: "I wrote it myself". Ukiitangulizia "by", unapata peke yangu: "I live by myself". Nje ya hapo andika "me" bila kuona haya.

Kosa jirani na hilo ni kubwa zaidi, kwa sababu linabadilisha maana nzima. "Wanapendana" mara nyingi hugeuzwa kuwa "They love themselves". Hiyo maana yake ni wanajipenda, kila mmoja nafsi yake, na kwa Kiingereza ni lawama. Kupendana ni "They love each other". Ikiwa kitenzi chako cha Kiswahili kinaishia na "na" ya kutendana, Kiingereza mara nyingi kinataka "each other", na kama kuna kihusishi, kihusishi hukaa kati ya kitenzi na "each other": "They wrote to each other", "They were shouting at each other", "They depend on each other".

Ile "na" nyingine, iliyosimama peke yake, ina mitego yake. "Ameolewa na Juma" ikigeuzwa neno kwa neno hutoa "She was married by Juma", na msomaji Mwingereza atadhani Juma ni kasisi au msajili aliyefungisha ndoa. Sema "She is married to Juma", au bila kihusishi chochote, "She married Juma". "Anafanana na mama yake" si "She resembles with her mother"; ni "She resembles her mother" au, kama watu wanavyosema kwa kawaida, "She looks like her". Kutofautiana na mtu ni "differ from him", kuachana naye ni "split up with him", kuagana naye ni "say goodbye to him". Kila kitenzi kina chake.

Zaidi ya yote, angalia sentensi kama "Tulikwenda na Asha". Kwetu inaweza kumaanisha mimi na Asha, watu wawili basi. "We went with Asha" kwa Kiingereza ni watu watatu au zaidi: sisi tayari ni wengi, na Asha ameongezeka. Kama mlikuwa wawili, sema "Asha and I went" au "I went with Asha". Nimeona maelezo ya ajali na ripoti za safari zikisomwa vibaya kwa sababu ya jambo hili, msomaji akimtafuta mtu wa tatu ambaye hakuwepo.

Turudi ndani ya kitenzi, kwenye urejeshi. "Mtu niliyemwona" ina "mw", yaani yule mtu anatajwa mara ya pili ndani ya kitenzi. Kwetu hiyo ni sarufi safi. Ikihamishwa inakuwa "the man whom I saw him". Kiingereza sanifu hakirudii: "the man I saw". Vivyo hivyo "nyumba ambayo naishi ndani yake" isigeuke kuwa "the house which I live in it". Ondoa "it" na uache "in" ikining'inia mwishoni: "the house I live in". Wengi wanaogopa kuiacha hivyo, wakikumbuka mwalimu aliyewaambia kwamba sentensi ya Kiingereza haiishii na kihusishi.

Katazo hilo lina historia inayojulikana. Mwaka 1672 mshairi John Dryden aliwalaumu waandishi wa kizazi kilichomtangulia, Ben Jonson akiwemo, kwa kumalizia sentensi na vihusishi. Mwaka 1762 Robert Lowth, aliyekuja kuwa askofu wa London, aliandika katika kitabu chake cha sarufi kwamba mtindo huo ni wa kawaida katika mazungumzo, ila katika maandishi ya heshima ni vizuri zaidi kukitanguliza kihusishi. Na sentensi aliyoitumia kuueleza mtindo huo aliimalizia kwa kihusishi. Waliokuja baada yake wakaigeuza nasaha kuwa sheria. Kufikia mwaka 1926 H. W. Fowler, katika kamusi yake maarufu ya matumizi ya Kiingereza, aliieleza sheria hiyo kuwa ushirikina. Kwa hiyo katika mazungumzo na barua pepe andika "Who did you speak to?" na "This is the form I told you about" kwa amani kabisa. Katika mkataba au tasnifu unaweza kutanguliza kihusishi, "the form about which I told you", na hapo kumbuka kwamba baada ya kihusishi "who" hugeuka "whom": "the officer to whom I spoke". Ukishatanguliza, usirudie. "The city in which I was born in" imewekwa "in" mara mbili, na katika barua za maombi ya vyuo ni kosa la kila siku.

Kuna vihusishi vidogo vinavyoambatana na kitenzi hadi kukipa maana mpya: "pick up", "turn off", "fill in", "call back". Kitu kikitajwa kwa jina, una uhuru: "turn off the light" au "turn the light off". Kikiwa kiwakilishi, huna: lazima kikae katikati. "Turn it off." "Fill it in." "Call me back." Hakuna "turn off it". Lakini "look after", "wait for", "ask for" na "look at" hazikubali kutenganishwa: "look after her", "wait for me". Utazijuaje? Sikiliza mkazo wa sauti. Katika "turn it OFF" sauti hupanda kwenye neno dogo. Katika "LOOK at it" hupanda kwenye kitenzi na "at" ikamezwa. Neno dogo lenye mkazo huiruhusu "it" kutangulia, lililomezwa haliiruhusu. Njia hii ya sikio inafanya kazi kuliko orodha yoyote ya kukariri, na inapatikana bure katika kila filamu na taarifa ya habari.

Nairobi, na siku hizi Dar es Salaam pia, watu husema "Pick me at the stage". Sina ugomvi na Kiingereza cha Afrika Mashariki. Kina wenyewe na kinaeleweka. Lakini mtu wa London atasikia kwamba unaomba uchaguliwe. Kwake sema "Pick me up at the bus stop".

Upande wa pili wa makosa haya ni vihusishi vya ziada: "discuss about it", "request for it", "emphasise on it", "contact to him", "reach to her". Vitenzi hivi vinamshika mtu au kitu moja kwa moja: "discuss it", "request it", "emphasise it", "contact him", "reach her". Sababu ya kuteleza inaeleweka. Nomino zao hutaka kihusishi, "a discussion about it", "a request for leave", "an emphasis on quality", na kihusishi cha nomino huvuja kuingia kwenye kitenzi. Ukijua hivyo, utajua pia mahali pa kukiacha.

Kuhusu "in", "on" na "at", nitasema machache, kwa kuwa kila kitabu cha shule kina ukurasa wake. Kisichosemwa ni kwamba msemaji wa Kiswahili ana msingi wa jambo hili tangu utotoni. Nyumbani "mna" watu ni ndani, na "in" inakaa karibu na hapo. Mlangoni "pana" mtu ni sehemu mahususi, na "at" inakaa karibu na hapo. Haziendi sambamba kila mara, lakini ukijiuliza kama unafikiria "m" au "pa" utapata jibu sahihi mara nyingi kuliko ukibahatisha. Kwa vyombo vya usafiri, ukiweza kusimama na kutembea ndani yake, tumia "on": "on the bus", "on the train". Ukilazimika kuinama na kuketi, "in": "in the car", "in a taxi". Kwa muda, "nitafika baada ya dakika tano" ni "I'll be there in five minutes", na "nimekaa hapa miaka miwili" ni "I've lived here for two years". "Since" inasubiri mwanzo, kama vile "since 2019".

Kisha kuna "he" na "she". Kiambishi "a" hakituulizi jinsia, ndiyo maana hata wasemaji hodari hujikuta wakimwita mama yao "he" katikati ya hadithi. Kosa hili haliondoki kwa kukariri. Linaondoka kwa kusimulia kwa sauti habari za mtu mmoja unayemfahamu, polepole, mpaka ulimi uzoee. Na usipojua jinsia ya mtu, tumia "they", ambayo imetumika kwa mtu mmoja katika Kiingereza tangu karne ya 14: "Somebody left their phone. Can you call them?"

Unawezaje kujua kitenzi kipya kiko upande gani? Kamusi ya kawaida ya lugha mbili itakupa maana na kukuacha hapo. Tafuta kamusi ya mwanafunzi. A. S. Hornby, Mwingereza aliyekwenda kufundisha Japani mwaka 1924, aliona wanafunzi wake wakijua maneno lakini wakishindwa kuyaunga, akatengeneza na wenzake kamusi iliyoonyesha muundo wa kila kitenzi. Ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, Oxford wakaitoa tena mwaka 1948, na kizazi chake ndicho kile kitabu kinene ambacho wengi wetu tulikikuta maktaba ya shule. Mwaka 1987 John Sinclair na wenzake wa Birmingham walitoa kamusi ya COBUILD, inayoeleza kila neno kwa sentensi kamili, hivyo kihusishi na mtu wanaonekana mahali pao. Zote mbili zina matoleo ya bure kwenye intaneti. Usisome maana tu. Soma mifano.

Daftarini usiandike "remind" peke yake. Andika "remind her of it". Andika "thank him for it", "congratulate them on it", "accuse me of it", "apologise to her for it", "explain it to us". Viwakilishi vinashika nafasi za watu na vitu, na siku utakapohitaji kitenzi hicho utabadilisha tu kilichomo ndani yake. Ukiwa na mashaka, tafuta kipande hicho katika mkusanyo wa matini. British National Corpus una maneno milioni 100 ya Waingereza, yaliyokusanywa kufikia miaka ya 1990, na ule wa Kiingereza cha Marekani, COCA, una zaidi ya bilioni moja. Andika "discuss about it" halafu "discuss it", ulinganishe idadi.

Hebu tumalizie kwa barua fupi, niliyoitunga kutokana na nyingi za aina yake:

"Dear Sir, I request for your assistance. Kindly explain me the procedure which I should follow it. My colleague and myself we have discussed about it since two weeks. You can contact to myself on this number."

Hakuna neno gumu ndani yake na hakuna lisiloeleweka. Sasa isome baada ya kuondoa na kuongeza yale tuliyoyajadili:

"Dear Sir, I am writing to request your assistance. Please explain to me the procedure I should follow. My colleague and I have been discussing it for two weeks. You can contact me on this number."

Kilichobadilika zaidi ni maneno ya kati ya vitenzi na watu. "For" ya kwanza imetoka, "to" imeingia mbele ya "me", "it" iliyorudiwa imeondoka, "we" iliyokirudia kiima imeondoka, na "myself" zote mbili zimepisha "I" na "me". Fanya hivyo na barua yako ijayo kabla ya kuituma: tafuta kila "me", "him", "her", "us", "them" na "it", na kwa kila moja tazama neno lililokaa mbele yake.